Mume wangu hataki binti yetu apige zeze

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini na nauza nguo za watoto soko la Sabasaba. Mume wangu ni dereva serikalini. Tulikuwa Dar es Salaam, tukaja huku serikali ilipohamia Dodoma. Yeye kwao ni huku huku, Mgogo wa Mvumi, ingawa alipelekwa Dar akiwa mdogo na akalelewa na mjomba wake Buguruni. Mimi ni Mnyiramba.

Mwezi wa sita baba mkwe alikuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya macho. Alikuja na begi moja na zeze lake la nyuzi mbili. Binti yetu wa kwanza ana miaka kumi, yuko darasa la tano. Jioni akawa anakaa na babu yake barazani, mwanzo anasikiliza tu, baadaye akaanza kuomba ashike. Sasa anapiga nyimbo mbili za Kigogo mwanzo hadi mwisho na kuimba huku anapiga. Huyu ni mtoto ambaye hakuwa na subira na kitu chochote. Hata kusukwa nywele ilikuwa ugomvi, atainuka mara tatu kabla msusi hajamaliza mistari miwili. Leo namkuta anarudia kipande kimoja kidogo mpaka namwita aje kula na haitiki.

Tatizo ni baba yake. Siku aliporudi mapema akamkuta na zeze, alilichukua akaliweka juu ya kabati, akasema, "Sitaki mwanangu ajifunze kushika bakuli." Baba yake mzazi yuko pale pale, anasikia. Mzee hakujibu kitu, akainuka akaenda kulala. Tangu hapo mtoto anapiga baba yake akiwa safarini tu. Akisikia gari nje anakimbiza zeze chumbani kwa babu. Mimi najua, mzee anajua, wote tumenyamaza.

Mume wangu ana hoja nyingine, nayo ni Hisabati. Jaribio la mwezi wa tatu mtoto alipata 51, mtihani wa mwezi wa sita 44, mwezi wa tisa 38. Anasema zeze ndilo linalomla akili. Mimi nimesikia redioni zaidi ya mara moja kwamba mtoto anayejifunza muziki anakuwa na akili sana, hasa ya hesabu. Na hapa mjini kuna watu wanafundisha kinanda kwa ada, kwenye tangazo lao wameandika kwamba muziki unampandisha mtoto darasani. Nakuomba uniandikie kwa ushahidi kwamba ni kweli, nimsomee mume wangu. Na kama faida hiyo iko kwenye kinanda lakini kwenye zeze haipo, niambie pia, nitajibana nimlipie. Jirani yangu naye kaongeza lake: anasema zeze ni la wanaume, msichana wa Kigogo hupiga muheme.

Nifanyeje?

Mama Nyemo (si jina langu), Nkuhungu


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na mbukwenyi wote hapo nyumbani, mzee kwanza.

Umeniomba ushahidi kwamba muziki utampandishia binti yako alama za Hisabati. Sitakuandikia, kwa sababu ushahidi huo haupo kwa ukubwa unaotangazwa. Tena hata ungekuwepo ningekukataza kuutumia. Ukishamwambia mumeo "mwache apige, atapanda Hisabati," umelifunga zeze kwenye karatasi ya mtihani. Muhula ujao akipata 36, zeze limekwisha, na safari hii atakuwa amelipoteza kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nataka mtoto huyu aendelee kupiga. Nalitaka jambo hilo kwa moyo wote, ndiyo maana nakuomba uiweke hoja hiyo chini.

Hayo unayoyasikia redioni yana chanzo chake. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya kuwazia maumbo, mfano karatasi ikikunjwa na kukatwa, ikikunjuliwa itaonekanaje. Walifanya vizuri zaidi kuliko walipokaa kimya, na nafuu yenyewe ilikwisha baada ya dakika 10 hadi 15. Hapakuwa na mtoto pale, wala hakuna aliyejifunza chombo. Habari ilipopita magazetini ikageuka kuwa "muziki unaongeza akili", na ilipofika mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani akaomba fedha kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apelekwe nyumbani na kanda au diski ya muziki wa namna hiyo.

Tafiti za watoto wanaojifunza kweli zipo pia, na ni za maana zaidi. Mwaka 2004 kule Toronto, Kanada, Glenn Schellenberg aliwagawa watoto 144 wa miaka sita kwa kura: wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hawakupewa somo lolote la ziada. Baada ya mwaka mmoja wote walikuwa wamepanda katika vipimo vya akili, na wale wa muziki walipanda zaidi ya wenzao kwa pointi chache. Wa maigizo ndio walioonyesha mabadiliko mazuri katika kuishi na watu. Hapo unaweza kusema basi, jambo limethibitika. Lakini mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walizikusanya tafiti 54 za watoto na muziki, zenye watoto karibu 7,000 kwa pamoja. Walikuta kwamba utafiti ukifanywa kwa uangalifu, watoto wakigawanywa kwa kura na wale wa upande wa pili wakipewa nao shughuli nyingine ya kufanya, faida kwenye Hisabati, kusoma na akili kwa jumla inapungua mpaka karibu na sifuri. Wapo wataalamu wanaobishana nao, na mjadala haujafungwa. Ila mtu anayebandika tangazo mjini kwamba kinanda kitampandisha mtoto darasani anauza ahadi ambayo sayansi haijamkabidhi.

Sasa tuje kwenye alama. Soma tena barua yako. Mwezi wa tatu alipata 51, mwezi wa sita 44, na mzee alifika kwenu mwezi huo huo wa sita. Kushuka kulionekana zeze likiwa ndiyo kwanza linavuka mlango wa nyumba yako. Kwa hiyo hoja ya mumeo nayo haina miguu, na kuna jambo lingine linalomsumbua mtoto ambalo nyote wawili hamjaliangalia kwa kuwa mnagombea zeze. Darasa la tano ndipo sehemu na desimali zinapokuwa nzito, na aliyeshika vibaya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti atakwama kwenye kila kinachofuata, hata asilimia. Chukua madaftari yake ya mwaka huu uyapange kwa tarehe, utafute ni mada gani alama za pata zilianza kuwa chache. Huhitaji kuijua hesabu yenyewe ili kuliona hilo, rangi ya kalamu ya mwalimu itakuonyesha.

Baada ya kuyaondoa hayo njiani, nikuambie anachokipata mtoto wako pale barazani, maana ni kikubwa na wewe umeshakiona.

Zeze halina alama za kuonyesha kidole kikae wapi. Gitaa lina vyuma vimepangwa kwenye shingo, kinanda kina vibao vya kubonyeza, na kila kibao kimeshawekewa sauti yake kiwandani. Kwenye zeze ni uzi mtupu juu ya kijiti. Kidole kikisogea kidogo tu sauti inapotoka, na hakuna wa kuirekebisha isipokuwa sikio la mpigaji. Mtazame binti yako siku moja bila yeye kujua. Atavuta uta, atasikia sauti haikukaa, kidole kitajisogeza chenyewe, atavuta tena. Hapo hakuna mwalimu aliyemwekea mkasi. Kajipima mwenyewe, kajisahihisha mwenyewe, kaendelea, na jambo hilo linatokea mara nyingi ndani ya wimbo mmoja. Watoto wetu shuleni wamezoea kusubiri mtu mzima awaambie kama wamepata au wamekosa. Mtoto anayepata nafasi ya kuwa msahihishaji wa kazi yake, tena bila kuaibishwa anapokosea, amepata kitu ambacho watu wazima wengi hawana.

Na anaimba juu yake! Jaribu wewe mwenyewe: mkono wa kulia uvute uta kwa mwendo mmoja, vidole vya kushoto vitafute sauti, na mdomo uimbe maneno ambayo hayaendi sawa na mkono. Siku za mwanzo mdomo ukiingia mkono unasimama. Njia ya kuvuka hapo ni kugawa kazi: kwanza mkono peke yake mpaka uende bila kufikiriwa, halafu sauti kidogo, halafu vyote polepole, ndipo mwendo uongezwe. Mzee hakumwandikia mpango huo ukutani, amemwonyesha tu, na mtoto amejifunza namna ya kuivunja kazi ngumu vipande vipande. Hicho ndicho unachokiona anaporudia kipande kimoja mpaka chakula kinapoa. Mtoto asiye na subira na msusi ana subira na zeze kwa sababu kwenye zeze anasikia kwa masikio yake kwamba leo imetoka vizuri kuliko jana.

Sikio lenyewe linabadilika, na ubongo pamoja nalo. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wadogo waliojifunza piano kwa miezi 15, wakapigwa picha za ubongo kabla na baada. Sehemu zinazoshughulika na kusikia na zinazoendesha vidole zilikuwa zimekua tofauti na za watoto ambao hawakujifunza, na mabadiliko hayo yaliendana na walivyozidi kutofautisha sauti na kutumia vidole kwa wepesi. Ona kwamba faida imetokea pale pale kwenye kazi iliyofanywa. Anayefanya mazoezi ya kusikia, anasikia vizuri zaidi. Kwangu mimi hilo linatosha kabisa, sihitaji muziki ukamfanyie mtoto kazi ya somo lingine ndipo niuheshimu.

Kuna faida ya kupiga pamoja na watu pia. Kule Leipzig, Ujerumani, watafiti waliwachezesha watoto wa miaka minne wawili wawili, wengine kwa kuimba na kupiga mdundo, wengine mchezo ule ule bila muziki. Mwaka 2010 wakaeleza kwamba walioimba pamoja walisaidiana zaidi baadaye, mmoja alipopata shida. Nyimbo za Wagogo ni shule ya jambo hilo tangu zamani. Waliowahi kusimama karibu na kundi linaloimba Kigogo wanajua: sauti hazifuatani, kila mmoja ana njia yake, na ukimsikiliza jirani yako kupita kiasi unapotea kwenye yako, usipomsikiliza kabisa unaliharibu kundi. Sasa hivi binti yako anapiga na babu tu. Mtafutie watoto wengine wa kuimba nao, hata kwaya ya watoto kanisani kama mnasali, maana chombo kinachopigwa peke yake chumbani, tena kwa kujificha, kinapoteza nusu ya utamu wake.

Hapo kwenye kujificha ndipo penye kuniuma.

Mwanangu, zeze halimharibu mtoto wako, ila hilo zoezi la kulikimbiza chumbani akisikia gari linamharibu. Anajifunza kwamba anachokipenda ni kosa, kwamba babu yake ni mtu wa kufichwa, na kwamba mama ni mshirika wa kumficha baba mambo. Siku mumeo atakapogundua, na atagundua, hasira yake itamwangukia mzee. Lifikishe jambo hili mwisho wiki hii. Mwambie mtoto apumzike kwa siku chache kwa sababu mama anazungumza na baba, na umwambie waziwazi kwamba hajafanya kosa.

Halafu mfikirie mumeo kwa huruma. Mtoto wa Kigogo aliyekulia Buguruni amesikia nini utotoni mwake? Wewe umeishi Dar, unajua utani ule: ukitoka Dodoma basi wewe ni ombaomba, na picha iliyobandikwa kichwani mwa watu ni ya mzee kipofu kando ya barabara, zeze mkononi, bakuli mbele. Kwa watani wa kweli maneno hayo yana mipaka na yana fidia. Kwa mtoto wa darasa la tatu anayechekwa uwanjani hayana. Ugogo ni nchi ya mvua chache, na njaa zimepita pale, kubwa yao ile iliyoitwa Mtunya, mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, baada ya majeshi kuchukua ng'ombe na nafaka na mvua nazo kukosekana. Watu walioshika barabara kwenda kuomba mijini walisukumwa na njaa. Zeze walilichukua kwa sababu ndicho walichokijua, na mtu anapoombea kwa kazi ya mikono yake bado ameshika heshima yake. Mumeo aliposema lile neno la bakuli alikuwa anamkinga binti yake na kitu kilichomuumiza yeye. Bahati mbaya, kinga ile ilimpata baba yake usoni.

Kwa hiyo usiende kwake na Mozart wala na mimi. Usimsomee barua hii. Mkiwa wawili, watoto wamelala, muulize tu: ulipokuwa mdogo Mvumi, baba alikuwa anapiga saa ngapi? Alikuwa anaimba nini? Mwache aseme hata akianza kwa ubishi. Akikueleza ya Buguruni, usimkatize kumwambia kwamba ni ya zamani.

Na lile neno alilomwambia mzee, wewe si wa kulisuluhisha. Wewe ni mkwe, ukiingia kati ya baba na mwanawe utaonekana umechagua upande. Hiyo ni kazi ya shangazi wa mumeo, dada yake mzee, kama yuko hai, au kaka yake mkubwa. Mpigie simu, mweleze kwa ufupi, mwombe aje kumjulia hali ndugu yake macho, jambo ambalo ni la kweli na halimtishi mtu. Dada wa baba ana ruhusa ya kumwambia mumeo maneno ambayo mimi na wewe hatuna. Akija, mzee ataombwa apige, kwa sababu dada yake atataka kusikia, na mumeo atakuwa amekaa hapo hapo.

Ukipata nafasi ya kumtajia jina, mtajie Hukwe Zawose. Alizaliwa mwaka 1938 Doduma, mkoa huu huu wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa mmoja wa wasanii waliobeba muziki wa nchi hii, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kwa zeze, ilimba (ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba) na sauti ile yake ya ajabu akazunguka dunia. Alirekodi Uingereza kwa kampuni ya Peter Gabriel, mwanamuziki mkubwa wa kule, na watu walilipa kiingilio wakajaza kumbi kumsikiliza Mgogo akiimba Kigogo. Alifariki mwaka 2003. Simaanishi kwamba binti yako atakuwa Zawose, wala usimwekee mzigo huo. Namtaja kwa sababu mumeo ana picha moja tu ya mpiga zeze, na anastahili kuwa nayo ya pili. Bora zaidi mpeleke Chamwino siku za Tamasha la Muziki wa Cigogo, vikundi vinapokuja kutoka vijijini na mazeze, ilimba na ngoma zao. Ni karibu, na ataona watoto wa umri wa binti yake wakipiga mbele ya wazazi wao waliosimama kifua mbele.

Jirani yako hajasema uongo kuhusu mila. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanaibana kati ya magoti na kuipiga kwa mikono, na ni ngoma nzito yenye ufundi wake. Binti yako akipata bibi wa kumfundisha na hiyo, ajifunze. Lakini mambo yanasogea ndani ya familia za Wagogo wenyewe. Pendo Zawose, binti wa huyo huyo Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, wana kundi linaloitwa The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu yao wakiwa ndio waongozaji, kwenye muziki ambao wanawake wa ukoo walizoea kukaa nyuma. Na mwenye zeze kwenu ni mzee. Kama yeye mwenyewe kamkabidhi mjukuu wa kike uta, jirani ana neno gani tena?

Kuhusu kinanda, usijibane kwa sasa. Sina neno baya nacho: kinamfundisha mtoto kusoma noti, na kanisani kitampa nafasi ya kutumika. Lakini kinataka ada, kinataka umeme, na kinataka mwalimu anayekuja mara moja kwa wiki kama hakupata dharura. Wewe una mwalimu ndani ya nyumba, anakula mezani kwako, hana haraka, na macho yake yanapozidi kufifia kazi ya kumfundisha mjukuu ndiyo inayompa sababu ya kukaa barazani jioni. Mtoto atajifunza kinanda akiwa na miaka 12 au 15, na sikio alilolipata kwenye zeze ataenda nalo. Babu hatakuwepo kumsubiri.

Mumeo akilegea, kubalianeni kwa mambo madogo yanayoonekana. Dakika 20 kila siku baada ya kuvua sare na kula, kabla ya kazi za shule, zinatosha kwa mtoto wa miaka kumi, na ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Zeze lisitumike kama fimbo wala kama zawadi: usimnyime kwa sababu kavunja glasi, usimpe kwa sababu kaosha vyombo. Likae mahali anapolifikia bila kuomba, limetundikwa ukutani, mbali na jua la dirishani na mbali na panya, maana panya wanapenda ile ngozi. Mvua zikianza mwezi wa Desemba ngozi italegea na sauti itafifia. Mtoto asidhani amekosea yeye, mzee atamwonyesha namna ya kuiotesha ngozi moto kwa mbali mpaka ikaze. Na unapomsifu, acha kumwambia ana kipaji, mwambie ulichokisikia: leo pale katikati hukusimama. Neno hilo linampa kitu cha kurudia kesho. Itafika siku atachoka, pengine wimbo wa tatu ukiwa mgumu kuliko miwili ya kwanza. Hapo umrudishe kwenye miwili anayoijua, apige kwa raha siku kadhaa, usimkaripie.

Lakini kabla ya yote hayo, Jumatatu asubuhi funga meza yako sokoni kwa saa moja, chukua madaftari uende kwa mwalimu wa Hisabati. Muulize mada gani, muulize kama mtoto anaona ubao vizuri akiwa alipokaa, na muulize kama kuna masomo ya ziada jioni. Andika majibu. Mumeo ana hofu ya kweli kuhusu masomo ya mwanawe, na unapokwenda kuzungumza naye uwe na karatasi hiyo mkononi. Zeze mlizungumze baada ya hapo, kama jambo lake lenyewe.